Fulana za Mzee Gitau

Naomba mnicheke taratibu, maana aibu hii bado haijapoa, na kuna watu wazima pale Hyattsville, huku Marekani, ambao hadi leo wakikutana nami dukani wananigeuzia migongo makusudi, wanasubiri niisome, halafu wanaendelea kuchagua vitunguu vyao.

Mimi nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya kuchapa fulana huko Beltsville. Bosi wangu ni Mkongo, tunamwita Papa Didi, na kazi yangu ni kuingiza oda kwenye kompyuta. Kwenye programu yetu kila bidhaa ina mama na watoto: mama ni fulana yenyewe, watoto ni saizi zake, kila saizi na picha yake na maandishi yake, na ukibadilisha kitu kwa mama, watoto wanafuata (wengi wao, kumbe). Kazi si ngumu, na ninalisema hilo mapema ili mjue sina pa kujificha.

Sasa, kulikuwa na Wambui. Wambui ni Mkenya, nesi, tumependana vizuri tu, na kikwazo kilikuwa kimoja, baba yake. Mzee Gitau hakunichukia, ila alinitazama kama mtu anayekagua gari la mtumba, na kila nilipomwamkia "Shikamoo Baba" alijibu "Niko sawa" akarudi kwenye chai yake. Wambui akanieleza kwamba kwao hawana mazoea ya kuitikia marahaba, nisichukulie vibaya. Nilichukulia vibaya. Siku moja nikamsikia Mzee jikoni akimwambia, "Huyo kijana wako wa Tanzania ako na maneno tamu sana, lakini sijaona kitu ameanza ikaisha poa."

Kwa hiyo ukoo ulipoandaa sherehe yake ya kutimiza miaka sitini, mimi nikajitia kimbelembele, nikasema fulana za wageni wote niachieni. Mzee mwenyewe alikuwa ameahidi kwamba siku hiyo hiyo, baada ya keki, angesema kama wazee wangu waje kumposa Wambui au tusahau. Mnaona basi, zile fulana ndizo zilikuwa mtihani wangu.

Siku ya kuingiza oda nilikuwa na haraka, Wambui ananisubiri nje kwenye gari, nikakumbuka kuna oda ya mwezi uliotangulia iliyofanana na hii kabisa, fulana za zambarau, picha ya mzee kifuani, maandishi mgongoni, saizi zote zimeshapangwa. Ilikuwa oda ya msiba. Nikajiuliza kuna haja gani ya kuanza upya, nikainakili, nikaweka picha ya Mzee Gitau kifuani, nikafuta ya mgongoni nikaandika "Hongera Baba, miaka sitini", nikahifadhi. Programu ikaniuliza kwa adabu: baadhi ya saizi zina maandishi yake zenyewe, ungependa kuyakagua? Chini yake vitufe viwili, Kagua na Baadaye. Nikabonyeza Baadaye.

(Wafiwa wa ule msiba walikuwa na watu wa miili, na kwenye saizi kubwa Papa Didi alinifanya nipanue herufi za mgongoni moja moja kwa mkono. Ndiyo maana watoto wale walipokea picha mpya kutoka kwa mama yao lakini maandishi wakabaki na yao ya zamani. Hilo nililijua. Niseme ukweli, nilikuwa nalijua.)

Mashine ikachapa, fulana zikakunjwa kifua juu, zikatiwa kwenye mifuko ya plastiki. Papa Didi akainua mfuko mmoja, akaitazama picha, akanisifu kwa Kifaransa chake, "Très bien, petit. Na mgongo, umeangalia?"

"Nimeangalia, Papa."

Nilikuwa nimeangalia mgongo wa saizi ya kati.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa. Mzee kakaa mbele na suti yake, na Wambui kasimama upande wa pili ameshika simu, anarusha kila kitu moja kwa moja hadi Nyeri, ambako bibi yake, Cucu, mama mzazi wa Mzee, alikuwa anatazama pamoja na majirani. MC akaita mashangazi, waliovalia fulana zao mbio mbio mlangoni dakika ile ile, waingie wakicheza. Mashangazi wa ukoo ule si watu wadogo. Wakaingia vifua mbele, picha za Mzee zinatingishika, Mzee anacheka hadi machozi, akanitafuta kwa macho akaniinulia dole gumba, na mimi nikajiona nimeshaingia kwenye familia.

MC akasema, "Haya mashangazi, sasa geukeni Mzee aone hiyo kitu iko nyuma."

Wakageuka.

PUMZIKA KWA AMANI, BABA. TUTAKUKUMBUKA DAIMA. Mstari mzima, ukuta hadi ukuta, na wao masikini hawajui, wanatikisa viuno wanasubiri vigelegele, na vigelegele haviji. Muziki ukazimwa. Mzee alikuwa amesimama, anasoma polepole midomo ikicheza. Shangazi mmoja akauliza, "Kwani nini?" Kisha akasoma mgongo wa mwenzake, akaketi chini sakafuni.

Wambui akaniambia kwa sauti ndogo, "Babe, please niambie hizo shirts hazijatoka kwa shop yenu." Simu ikamponyoka, ikaanguka kifudifudi. Fikirini walichokiona kule Nyeri: picha ya mtoto wao kifuani, pumzika kwa amani, halafu giza. Kutoka pale chini tukaanza kusikia wanawake wakilia.

Simu ilipookotwa, jirani akatuambia Cucu amelazwa kitandani anapepewa, presha imepanda. Mzee akainyakua. "Mami, ni mimi, niko hai." Sauti ya Cucu ikatoka dhaifu, "Hiyo ni sauti mmerekodi. Nataka kumwona anatembea." Basi Mzee Gitau, mbele ya wageni wake wote, akatembea, akageuka, akaruka kidogo, akala kipande cha keki akafungua mdomo kuonyesha kimemezwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningemuua mama wa watu kwa kitufe kimoja.

Cucu akauliza nani ameandika. Ukumbi mzima ukanitazama. Nikasogea, na kilichonitoka ni "Shikamoo Bibi."

Akanitazama sana. "Ni wewe unataka Wambui wetu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na umeanza kwa kuzika baba yake." Akakata.

Mzee akafungua mfuko mmoja, akatoa fulana kubwa, akaivaa juu ya shati na tai, akamwambia MC awaambie watu waanze kula. Keki ikaisha, wageni wakaondoka, na lile jibu kuhusu Wambui hakulitoa. Nililia ndani ya gari kama mtoto.

Jumatatu Papa Didi aliniondolea ruhusa ya kunakili oda, na sawa kabisa, maana sasa naandika kila moja upya na kila saizi naigeuza mgongo, na sitabonyeza Baadaye tena maishani, hata simu ikitaka tu kujisasisha. Mzee naye, kila Jumamosi, ananitumia picha moja: anaosha gari amevaa ile fulana, mgongo kwa kamera, bila neno. Kila mara najibu, "Shikamoo Baba." Kila mara kimya.

Jumamosi iliyopita chini ya picha alikuwa ameandika neno moja. Marahaba.

Nimeshampigia mama Morogoro aanze kuwaarifu wazee. Sare za siku hiyo atachapa mtu mwingine.