Maganda Yatoke, Punje Ibaki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotwanga mahindi kwa hasira hadi kuku wakahama boma. Nilikuwa kidato cha nne, huku kwetu milima ya Kilungu, na matokeo ya mtihani wa majaribio yalikuwa yametoka. Katika Hesabu nilikuwa nimeanguka. Wala si mwanguko wa kujikwaa ukainuka, bali wa mtu aliyeporomoka matuta yote ya shamba hadi bondeni, mzigo wake wa kuni ukimfuata nyuma.

Nilipofika nyumbani asubuhi ile ya Jumamosi niliutupa mkoba, nikatangaza kwamba mwalimu ananichukia, na kwamba Jumatatu sirudi shuleni: nitakwenda mji wa Salama, kwenye barabara kuu, kuwauzia wasafiri machungwa. Susu, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa akisuka kiondo. Hakuinua macho.

"Sawa, Mutheu. Na mteja akikupa noti kubwa, chenji atakuhesabia nani?"

Nilinuna.

"Basi kabla hujahama, nikobolee mahindi ya muthokoi. Wakwe watarajiwa wa mjomba wako wanakuja mchana kutuona."

Muthokoi, kwa wewe uliyeujua ukiwa tayari katika pakiti dukani, hutaka subira. Mahindi hunyunyiziwa maji, hutwangwa taratibu, maganda yakatoka na punje ikabaki nzima. Mimi niliushika mchi kama rungu. Pigo hili la mwalimu; hili la aljebra; hili la Kyalo, mwenzangu darasani aliyenicheka. Nilipochoka, Susu akachungulia kinuni.

"Haya. Mwalimu amekufa. Sasa wageni watakula nini?"

Mlikuwa na unga na chenga tupu. Mjomba, aliyekwisha kuvaa tai tangu alfajiri, alishika kichwa. "Ati nini? Wee Mutheu, unataka nikose bibi kwa sababu ya Hesabu yako?"

Susu alimfukuza kama anavyofukuzwa mbuzi jikoni, akamimina mahindi mengine.

"Polepole sasa. Na huku ukitwanga, niambie. Uliona uchungu?"

"Sana."

"Na aibu?"

"Sana, Susu."

"Hayo ni maganda. Yaache yatoke. Sasa punje: mwalimu aliandika nini kwenye karatasi?"

"Kwamba naruka hatua."

"Na unaruka?"

Mchi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. "Naruka."

"Ehe! Hiyo usiivunje. Hiyo ndiyo ya kupika."

Wageni walikula kwa kuchelewa, lakini walikula. Zile chenga zilipikwa uji, akapewa mjomba, akaunywa na tai yake. Baba wa bibi harusi aliusifu muthokoi, akauliza ni nani aliyeukoboa.

"Mjukuu wangu," akasema Susu. "Ana kesi na mwalimu wake."

"Nani ameshinda?"

"Hukumu ni Jumatatu."

Jumatatu nilirudi. Nilimpelekea mwalimu karatasi ile na kumwomba anionyeshe mahali nilipoanza kuruka. Alinitazama kama aliyeona maiti akiomba chai, kisha akavuta kiti. Mwisho wa mwaka sikuongoza darasa. Nilipita, basi, na kupita huko ndiko kulikonifikisha ubaoni, kufundisha Hesabu iyo hiyo.

Kwa hiyo wewe uliyerudi nyumbani na karatasi iliyojaa wino mwekundu, sikuambii usikasirike. Kasirika, lia, hata chakula ukatae, ingawa mara moja tu, maana njaa haina alama. Kisha keti na mtu anayekupenda, umtajie kwa jina kila kinachokuuma, mpaka libaki lile kosa lenyewe, dogo na gumu. Hilo lipeleke kwa mwalimu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi hushindwa anapomrushia jirani vipande.

Mungu akupe mkono mwepesi juu ya mchi na moyo usiokata tamaa upesi. Na kila siku ya matokeo, kuku wa kwenu wabaki bomani.