Yustina Atoka Kwenye Bima ya Pamoja

Yustina anafanya kazi kwa wakala wa mizigo kule Huangpu, huku Uchina, huu mwaka wa saba. Ana mkataba, na kila mwezi laoban wake, yaani bosi, humkata kodi kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mumewe Bartholomeo ana kisukari. Nikipita kuwasalimu hupewa chai kavu isiyo na sukari, maana nyumba ile yote imeamua kunywa kama mgonjwa.

Watu wetu wa hapa wana desturi. Mzigo wako usipojaza kontena, unachanga na wenzako, na karatasi zote zinaandikwa jina la mmoja. Ukifika, kila mtu anatoa marobota yake. Sasa Yustina akafanya hivyo hivyo na bima ya afya. Mwavita, mama wa Bukavu anayenunua nguo soko la Shisanhang, ana kampuni yake ndogo. Alikata bima ya kikundi, akaingiza watu tisa, Bartholomeo akiwa mmojawapo. Yustina akawa anampa pesa yake mkononi kila mwaka.

Mwaka huu Bartholomeo alitimiza hamsini, ada ikapanda. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa mwisho wa Juni. Isipolipwa, insulini itabidi wainunue kwa bei kamili ya dirishani, na mshahara wa Yustina hauifikii.

"Mama Flavia, usijisumbue," Bartholomeo akamwambia mkewe. "Nitachoma leo, kesho napumzika."

"Na sukari nayo utaiambia ipumzike, Baba Flavia?"

Kazini akawasikia wenzake Wachina wakisema kwamba mtu anayekatwa kodi, akijilipia bima ya afya ya aina fulani, pesa hiyo, mpaka kiwango fulani, haitozwi kodi. Akafungasha risiti zake zote akaenda ofisi ya kodi. Nilimsindikiza; sikuwa na pa kwenda.

Binti wa dirishani akazipitia moja moja. "Meiyou," akasema. Neno hilo hapa kila mnunuzi analijua: hakuna. Risiti zilikuwa za kampuni ya Mwavita. Tena bima yenyewe haikuwa na ile namba inayoonyesha kwamba ina nafuu ya kodi.

"Lakini pesa nimetoa mimi."

"Jina lako liko wapi?"

Mimi nilishainuka. Yustina akavuta kiti mbele zaidi. "Kama hii hapana, basi nionyeshe iliyo ndiyo. Leo sina haraka."

Yule binti akacheka, akamwomba simu. Umepanga nyumba? Ndiyo. Mkataba ni wa nani? Wangu. Kumbe pango la nyumba nalo hupunguza kodi, na la mwaka jana hakuwa amelijaza kabisa. Aliogopa kulijaza. Kwetu sisi, ofisi ikikuita uje uchukue hela, kwanza unaangalia mlango wa kutokea uko wapi. Wakajaza pale pale. Yustina akapata mpango: marejesho ya kodi hiyo yanunue bima mpya, yenye namba, kwa jina lake.

Kazi ikabaki kwa Mwavita. Tulimkuta anafunga robota la magauni kwa utepe wa gundi.

"Unatoka? Ma chère, mpenzi wangu, unafungua kontena katikati ya bahari!" Mwavita akasema.

"Nimekuja kukuambia mapema, dada, usije ukasikia kwa watu."

"Tukibaki wanane watatupandishia bei. Na mumeo nilimpokea mimi, wakati hakuna aliyemtaka na ugonjwa wake."

Hilo lilimchoma Yustina. Akashika upande wa pili wa robota. "Sijasahau. Ndiyo maana nimeshamwambia Vedasto wa ofisini kwetu, ataingia nafasi yetu. Lakini mimi siwezi kuendelea kulipia bima isiyonijua."

Mwavita akakaa juu ya robota. "Na mimi nikipata hiyo ya namba, watanipunguzia?"

"Unalipa kodi ya mapato hapa?"

"Mimi? Kwa nani?"

"Basi watakupunguzia nini?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Kumbe nimekwepa mpaka nimejikwepa mwenyewe!"

Marejesho yaliingia kwenye tarehe ishirini na kitu za Juni. Hayakutosha ada yote. Yustina alikuwa na akiba ya kuziba pengo lililobaki, ada nzima hangeiweza. Akakata bima kabla Juni haijaisha, Bartholomeo akiwa ndani yake na maradhi yake yote yameandikwa. Akampelekea laoban karatasi yenye namba, na kodi ya mwezi uliofuata ikashuka kidogo. Kidogo kweli, labda bei ya samaki wawili.

"Hiyo tu?" Bartholomeo akauliza, insulini ya mwezi mzima ikiwa mkononi mwake.

"Hiyo, na ya pango," Yustina akasema. "Na mwakani nitaanza kujaza Machi, wakifungua tu maombi ya marejesho."