Mnaoniuliza Asha Alikuwa Nani

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia. Ndani mlikuwa na jezi kumi na sita, zimelowa, zimesokotana na soksi, zimekaa hivyo siku tatu. Nilipolifungua, kuku wa jirani aliyekuwa anadonoa pale mlangoni alihama. Mwenyekiti wa klabu alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, utaziweza?"

Nikamjibu, "Mwenyekiti, nimefua nguo za mume mchimbaji miaka tisa. Nipe maji, uondoke."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mpira. Sikujua hata timu moja inaingiza watu wangapi uwanjani. Nilijua tope tu.

Hapo ni Segese, kwenye makarasha. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Inapiga kelele kutwa, na ukiishi jirani nayo unazoea kuongea kwa kufoka hata kanisani. Mwenyekiti alikuwa nayo manne. Wasagaji wake walicheza mpira jioni, vumbi jeupe limewajaa kichwani kama unga, wakawa wanazifunga timu za vijiji vyote vya jirani. Akaamua kuifanya klabu ya kweli, yenye usajili na muhuri. Ikaitwa Karasha FC. Sisi wenyewe tulisema Kalasha. Msukuma na herufi R hawajawahi kukaa meza moja.

Cheo changu kwenye karatasi kilikuwa mtunza vifaa. Msidhani ni kufua tu. Jezi unaigeuza ndani nje kabla haijagusa maji, la sivyo namba inabanduka. Tope jekundu huliloweki. Unaliacha likauke, unalipiga brashi, ndipo maji. Damu ni maji baridi. Ukiipa ya moto umeipikia kitambaani. Unaanika kivulini. Na kabla ya yote unanusa. Ndiyo, unanusa! Jezi haijui kudanganya. Kwapa la mtu aliyekunywa gongo jana yake lina harufu yake, na la mwenye homa lina yake. Nilikuwa namfuata Kocha Mkuu namwambia, "Namba nne mpumzishe, anaumwa." Mwanzoni alinicheka. Namba nne alipoanguka mazoezini, akaacha kucheka, akawa anakuja mwenyewe kwenye beseni langu: "Mama Limi, leo wanasemaje?" Limi ni binti yangu.

Timu ile haikutulia mahali. Klabu nyingine zina nyumba, yetu ilikuwa na lori. Ikisikika rashi, yaani mahali pameonekana dhahabu mpya na watu wanakimbilia kama nzige, Mwenyekiti anahamisha makarasha, na timu inayafuata. Tumeweka kambi Segese, tumeweka porini upande wa Geita, mahali pengine hata jina hapakuwa nalo. Nimefua kwenye mito, kwenye madimbwi, kwenye pipa la mafuta lililokatwa nusu. Winga wetu wa kulia alisikia habari za rashi wakati wa mapumziko. Kipindi cha pili hakurudi. Aliondoka na jezi namba saba mwilini. Mume wangu naye alifuata rashi hivyo hivyo. Yeye hakuwa hata na namba.

Mtu mmoja tu kati yetu hakuwa wa vumbi: Katibu. Huyu alitoka Tanga, mwembamba, shati limenyooshwa hata porini, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta. Barua zote za klabu aliandika yeye, usajili alifanya yeye. Alinisalimia kwa adabu kila asubuhi, na mimi nilimdharau. Nilimwona mtu wa kalamu aliyekuja kula kwenye jasho letu. Nisiwafiche, ndivyo nilivyokuwa.

Sasa tukafika fainali ya mkoa. Ukishinda hiyo unapanda daraja, unatoka kwenye ligi za vichochoroni. Mwenyekiti akataka seti mpya, rangi ya udongo wetu, jina jeupe kifuani. Wiki ile ile Katibu akashikwa na malaria. Alikuwa amelala kwenye chumba cha ofisi, blanketi mpaka shingoni, akanipa karatasi na simu ya klabu. "Mama Limi, mpigie fundi wa kuchapa, yuko Mwanza. Msomee herufi kama nilivyoandika."

Nikatoka nje ya mlango nikapiga. Nilisoma mpaka darasa la nne, herufi nazijua. Nikaitazama karatasi: K, A, R. Nikasimama. Nikasema moyoni, tazama huyu msomi wa pwani! Anakula kwa jina la mashine na hajui hata kuliandika. Mimi nimesikia ile mashine miaka yote hii, nimelea mtoto kwenye kelele zake, nitafundishwa jina lake na mtu wa Tanga?

"Mama, upo?" fundi akauliza. "Taja herufi."

"K, A," nikasema, "L, A, S, H, A."

"L ya limau?"

"L ya limau. Andika vizuri, ni fainali."

Jezi zikaja Ijumaa. Nzuri, jamani! Wachezaji wakazipokea kwa vigelegele, wakasoma kifuani kwa sauti, "Ka-la-sha!" Kocha akasoma. Mwenyekiti akaivaa ya kipa juu ya shati lake, akazunguka nayo, akasoma herufi moja moja, akaridhika. Hakuna hata mmoja aliyeona kitu. Wote ni watu wa huku. Katibu hakuonyeshwa, bado alikuwa anatetemeka kitandani.

Jumamosi tukaingia Shinyanga mjini. Kabla ya mechi huja kamisaa, mtu anayetumwa na chama cha mpira kukagua leseni, viatu na jezi. Wetu alikuwa mzee mkavu, mgeni huku, miwani puani. Akashika jezi, akashika fomu, akatazama huku na huku.

"Hii ni timu gani?"

"Kalasha," Mwenyekiti akasema.

"Ndiyo, hapa imeandikwa Kalasha. Iliyosajiliwa ni Karasha."

"Si ndiyo hiyo, mzee? Kalasha."

"Mimi nasema Karasha."

"Na mimi nasema hivyo hivyo! Kalasha!"

"Bwana Mwenyekiti, unanitania?"

"Nikutanie vipi, mzee wangu? Wewe unasema Kalasha, mimi nasema Kalasha, fomu inasema Kalasha, ugomvi uko wapi?"

Kamisaa akavua miwani. Akasema timu ya Kalasha yeye haijui na hairuhusu iingie uwanjani. Jina lisomeke kama lilivyosajiliwa kabla ya filimbi ya kwanza, la sivyo wapinzani wanapewa ushindi wa mezani. Seti nyingine hatukuwa nayo. Ile ya zamani tulikuwa tumewaachia wasagaji kambini.

Hapo Katibu alikuwa ameinuka, amekuja na lori, macho bado ya njano. Akaichukua jezi. Akatazama ile L. Halafu akanitazama mimi.

"Nani kaandika hivi?" Mwenyekiti akafoka. "Si wewe, Katibu? Si ndiyo kazi yako?"

Nikasubiri aseme. Alichosema ni hiki: "Tutaongea baada ya mchezo, Mwenyekiti. Sasa hivi natafuta wembe. Mama Limi, lete plasta ya miguu."

Tukakaa chini kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, yeye na mimi, jezi magotini. Mimi nabandua L kwa wembe, taratibu, kitambaa kisichanike. Yeye anakata R kwenye plasta nyeupe, zile za kufungia vifundo vya miguu, ananipa, nabandika. Jezi kumi na nane. Neno lilikuwa limenifika hapa, kwenye ulimi kabisa: ni mimi. Nikabandika ya kwanza, nikasema nitasema kwenye ya pili. Nikafika ya kumi na nane.

Kamisaa akasoma, akatikisa kichwa, akaruhusu.

Kipindi cha kwanza R zilikaa. Cha pili jasho likafanya kazi yake. Plasta moja ikaanguka, ikafuata nyingine, mpaka nyasi zikajaa R zetu. Na L nilikwisha kuzing'oa. Kifuani pakabaki KA, halafu pengo, halafu ASHA.

Jukwaa la wapinzani likalipuka. "Asha! Asha! Rudi jikoni, ugali unaungua!"

"We Asha, mumeo anakutafuta!"

"Asha kafunga kilemba, leo anafungwa mabao!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mashabiki wetu, wale wasagaji, ni watu wa ajabu. Walisikiliza kidogo, wakaona jina ni zuri, wakalichukua: "A-sha! A-sha! A-sha!" Uwanja mzima sasa unaimba Asha, hawa kwa kejeli, hawa kwa mapenzi. Dakika za mwisho mshambuliaji wetu, msagaji mwenye paja kama gogo, akapiga kichwa. Bao! Tukashinda moja bila. Tukapanda daraja.

Watu wanacheza nje, mimi niko vyumbani nakunja jezi. Mwenyekiti akaingia na Katibu. Alikuwa ameambiwa kamisaa ameandika ripoti, na sifa za siku ile alizitaka nzima, bila doa.

"Msomi mzima," akamwambia, "jina la timu linakushinda. Umetuaibisha mbele ya mkoa. Ukirudi kambini, fungasha."

Katibu akasema, "Sawa, Mwenyekiti."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Jezi ya kipa niliikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilikuwa nalea peke yangu na Limi alikuwa shuleni, na miaka mingi nilijidanganya kwamba ndiyo sababu ya kunyamaza. Siyo. Nilikuwa na nguvu, ningefua popote. Kilichonifunga mdomo ni kiburi. Sikutaka isemwe kwamba mfua jezi aliisahihisha karatasi ya msomi, akakosea.

Katibu akaenda zake Runzewe. Timu ikakaa mjini, makatibu wanne wakapita, makocha siwakumbuki idadi. Mwenyekiti amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na klabu ina wakubwa wapya. Mimi nilifua mpaka magoti yakakataa na mashine ya kufulia ikaja, ile ya mlango wa kioo, inayozungusha jezi bila kumnusa mtu. Nikastaafu, nikahamia kwa Limi hapa hapa mjini, Kambarage.

Kupumzika kwenyewe sikujui. Siku ya mechi mikono inawasha. Nafua mapazia masafi. Limi anasema, "Mama, kaa chini," nakaa, nasimama.

Juzi juzi akaja msemaji wa klabu, binti mchangamfu na simu yake ya kurekodia. "Shikamoo bibi. Tunaandika historia ya klabu, nawe tunakuomba utuandikie ulivyofanya kazi. Mashabiki wanaimba Asha kila mechi. Asha alikuwa nani? Tumesikia ndiye mwanamke aliyeanzisha timu, alikuwa anaponda mawe kwa mikono." Akanionyesha picha: wamemchora Asha kwenye ukuta wa ofisi ya klabu, mwanamke mnene mwenye nyundo, anatabasamu. Chini yake wameandika Mama wa Klabu.

Nikamwambia arudi wiki ijayo. Kesho yake nikapanda basi la Runzewe.

Nilimkuta Katibu anauza dawa za mifugo, mvi kichwa kizima, shati limenyooshwa. Alisimama. "Shikamoo Mama Limi."

"Usiniamkie," nikasema. "Nisikilize kwanza. Ile L ni yangu. Wewe uliandika sawa, mimi nikageuza. Nikakuacha ufukuzwe."

Akavuta kigoda, akanikalisha. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikusikia. Ulipigia simu mlangoni, mimi nimelala ndani. Nikasikia L ya limau."

Nikashikwa na hasira, kweli, mimi mkosaji! "Sasa kwa nini hukunikataza, mwanaume wewe?"

Akacheka, akafuta macho. "Mama Limi, tangu nifike huku sijawahi kusikia mtu akisema Karasha. Wote mnasema Kalasha, mwenye mashine na wasagaji wake. Nikawaza, huyu ndiye mwenye neno, mimi mgeni. Nikalala pale najiuliza labda nimekosea tangu kwenye usajili. Kosa la L ni lako. La kunyamaza, tuligawana."

"Mimi nimenyamaza zaidi."

"Hilo kweli," akasema. Hakunipunguzia, na nilimheshimu kwa hilo. Akanipa chai.

Basi, nyie vijana wa klabu, mliniomba niandike nilivyofanya kazi, nimeandika. Fueni jezi ndani nje. Wanuseni wachezaji wenu, mashine haitawasaidia. Na mtu aliyewaandikia kitu kwenye karatasi, kabla hamjamsahihisha, mwulizeni.

Asha hakuwepo. Imbeni, ni wimbo mzuri, lakini yule mwanamke wa ukutani mfuteni. Ni pengo la herufi moja, na pengo hilo nililitoboa mimi. Pale pale mchoreni mwanaume mwembamba ameketi chini na wembe na plasta, ana homa, anaiokoa timu inayokaribia kumfukuza. Chini yake andikeni jina lake, Rashidi. Ila namna ya kuliandika msiniulize mimi. Nendeni Runzewe, awaandikie mwenyewe.