Mtutu Aliomwachia Kerstin

Irmhild Röhrig hakuwa mwanamke wa kubembelezwa, na pengine ndiyo maana siku alipobembelezwa alinasa.

Pale Suhl, mji wa mafundi wa bunduki Ujerumani Mashariki, alishika tupa kiwandani tangu usichana wake. Kisha Ujerumani mbili zikaungana, nchi ikageuka, kiwanda kikafungwa, na mafundi wakaambiwa ujuzi wao hauna soko. Akaishia kuuza mikate hadi kustaafu. Heshima yote iliyombakia ilikuwa nafasi yake katika timu ya walenga shabaha: unasimama wima, mkono mmoja, bastola ya mashindano ya risasi nene, kaliba thelathini na mbili. Alikuwa tayari kukosa Krismasi kuliko kuikosa nafasi hiyo.

Mwaka ule alipasuliwa kifundo cha mkono. Volkmar, nahodha wa timu, akaja kumjulia hali na keki ya mbegu, uso umejaa huruma.

"Dada yangu, hiyo bastola itakumaliza mkono. Kerstin wangu anayo kama hiyohiyo, ila ya ishirini na mbili. Badilishaneni mitutu. Wewe piga risasi nyembamba mpaka upone."

"Na nafasi yangu?"

"Aiguse nani? Hebu acha hizo!"

Kerstin alikuwa mke wa mwana wa Volkmar. Irmhild hakuliwaza hilo. Mkono ulimuuma, na keki ilikuwa tamu.

Kadi zao za silaha zikaandikwa upya, naye akaanza kazi. Kubadili kaliba si jambo gumu: mtutu mwingine, kifungio kingine cha nyuma, magazini nyingine. Lakini bastola zile zilioanishwa kwa mkono, kila moja na mwili wake, na mtutu wa Irmhild ulikataa kukaa sawasawa kwenye bastola ya Kerstin. Fundi wa bora liende angeulazimisha tu. Irmhild alichukua tupa, bandeji ingali mkononi, akauparaza kidogo ulimi wa mtutu, pale unapoingia kwenye mwili wa bastola, akajaribu, akauparaza tena. Mwishowe ukaingia bila kucheza hata chembe.

"Mama we! Kama umezaliwa humu!" Kerstin alisema.

Irmhild alicheka. Tangu kiwanda kifungwe hakuwahi kufurahi vile, mjinga yule, Mungu amsamehe.

Majira ya kuchipua mkono ukapona, na daktari akamruhusu. Akaenda chamani, kwenye uwanja wao wa shabaha, akamkuta Volkmar anageuza soseji juu ya mkaa.

"Nimerudi," alisema.

"Karibu sana! Ila majina ya timu tumeshapeleka, na Kerstin anapiga vizuri mno. Wewe viegemeo si vipo?"

Viegemeo ni vile vibao vya kulazia mkono, walivyowekewa wenye umri mkubwa.

"Viegemeo ni vya wazee, Volkmar."

"Na sisi ni vigoli?"

Watu wakaangua kicheko. Irmhild hakucheka.

"Naomba mtutu wangu."

Kerstin aliutoa hapohapo, macho chini. Binti yule hakuwa na ubaya. Irmhild akauvika kwenye bastola yake, akasimama kama zamani, akapiga risasi tano. Zilitawanyika kwenye karatasi kama mtama wa kuku. Akaushika mtutu, akautikisa, ukalia. Alijua kabla hajautikisa. Chuma alichokitoa ili ukae kwa Kerstin ndicho kilichokuwa kinaushika kwake, na mitutu ya namna ile haitengenezwi tena.

Volkmar alikuja kuchungulia, koleo ya soseji mkononi.

"Kwani tupa aliishika nani, Irmhild? Kuna mtu alikulazimisha?"

Hakuna. Hilo ndilo lililomchoma. Angedhulumiwa kabisa angelia, angetukana, angemshtaki mtu. Lakini aliyemwibia Irmhild alikuwa Irmhild, kwa kazi nzuri.

Akaufungua mtutu. Angeweza kuondoka nao ukaozee kabatini, na mimi ningeondoka nao. Yeye akamwambia Kerstin, "Lete bastola yako," akauvika mwenyewe, akausikiliza ukijifunga.

"Mama, sikujua..."

"Nenda kapige, mwanangu. Usikunje kiwiko."

Kerstin akasimama palepale alipozoea kusimama Irmhild, akapiga. Tano zote katikati. Watu wakapiga makofi, na Irmhild naye akapiga makofi, kwa mkono wake uliopona.