Niliwaokea Wageni Mboga, Wakatuletea Mbuzi

Ndugu wasomaji, mhariri wa ukurasa huu ameniahidi kulificha jina langu, na ni kwa ahadi hiyo tu nimepata ujasiri wa kuandika. Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Ni Msomali wa Garissa, nimesoma hadi chuo kikuu, nafundisha sekondari ya wasichana, na naishi nyumbani kwa wazazi wa mume wangu. Yeye anafanya kazi Mombasa, hivyo mengi ya hapa nayakabili peke yangu.

Nikiwa chuoni nilipanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindi asiyekula nyama. Kwake nilijifunza kukaanga bizari nyembamba bila mafuta kabla ya kuisaga, na kupika viazi, karoti na njegere mpaka mlaji asiulize kilichokosekana. Niliporudi Garissa nikapata jirani, muuguzi kutoka Ufini, mmoja wa wale waliokuja kuhudumia wakimbizi tangu vita vya Somalia. Huyo alinionyesha vikate vya kwao: unga wa shayiri uliosukumwa mwembamba sana, kingo zikafinywa kwa vidole, vikaokwa kwa moto mkali na kupakwa siagi vingali moto. Nikatia viazi vya yule mama ndani ya ganda la huyu muuguzi, nikaoka katika jiko la bati lenye makaa juu na chini. Vilitoka vizuri. Nakiri nilivionea fahari kuliko hata shahada yangu.

Katikati ya ukame, wazee walifika kutoka Habaswein kumposea kijana wao wifi yangu. Ilikuwa ziara ya kwanza, ya chai tu. Mama mkwe aliniletea nyama ya mbuzi iliyosagwa.

“Abaayo, sambusa za kawaida,” alisema, akiniita dada kama ilivyo desturi yetu. “Usiwafungulie shule wazee wa watu.”

“Sawa, eeddo,” nikajibu, nami nikimwita shangazi, tukacheka wote wawili.

Kisha nikaitia ile nyama chumvi, nikaiweka iwe chakula cha jioni cha sisi wanawake, nikaoka mboga zangu. Nilijiambia kwamba sambusa za mafuta zingewalemea wazee waliotoka safari ndefu. Sidhani kama ndiyo sababu. Nadhani nilitaka wajue kwamba nyumba hii ina mwanamke aliyesoma.

Nililosahau linajulikana na kila mtoto wa wafugaji. Kwetu mgeni hamwulizi mwenyeji wake mifugo imebaki mingapi, huitazama sahani; isiyo na nyama humwambia kwamba zizi ni tupu. Wazee walivunja vikate, wakatazama ndani, wakatazamana.

“Leo tumelishwa bustani,” mmoja akasema.

“Kula, adeer, mzee mwenzangu, meno yako yapumzike,” mwenzake akamjibu.

Walicheka kidogo, na baada ya hapo hapakuwa na utani tena. Walimwuliza baba mkwe mvua imeonekana wapi, akajibu kwa mkato. Wakaomba dua ndefu kwa ajili ya mifugo, wakaondoka. Mimi, nyuma ya pazia, nilikuwa nikifurahi kwamba sahani zilirudi tupu.

Haukupita muda, lori likasimama mlangoni na kushusha mbuzi. Dereva alisema, “Wazee wanakusalimu. Wanasema hawa ni wa maziwa, mpaka Mungu alete mvua.”

Baba mkwe alisubiri lori liondoke. “Nani aliwapa wageni wangu mboga?”

“Mimi,” akasema mama mkwe. “Nyama iliharibika kwa joto.”

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na chujio la chai mkononi. Nikarudi jikoni kuchuja chai.

Baadaye nilimfuata mama mkwe kwenye pipa la maji. “Eeddo, kwa nini?”

“Angekufukuza, na mwanangu angekuja kutoka Mombasa kugombana na baba yake. Mimi mzee ameshanizoea.” Akafunika pipa. “Halafu wale watu hawakukosea. Ng’ombe wetu wameisha upande wa Wajir. Hajamwambia hata mwanawe. Na wewe hujasikia kwangu.”

Tangu siku hiyo mzee hapokei chai mkononi mwa mkewe. Amesema hawezi kukaa kujadili mahari na watu wanaomlisha, na kwamba mbuzi watarudishwa. Kwetu kurudisha msaada wa namna hiyo ni kuivunja posa. Wifi yangu bado hajaambiwa. Kila asubuhi huwakatia mbuzi majani, na juzi aliniambia, “Umeona, abaayo, watu wananipenda kabla sijafika kwao.” Nikaitikia.

Nimefikiri kwenda kwa mzee niseme ni mimi, ili awatumie wale wazee habari kwamba ilikuwa mbwembwe ya mwalimu na si dhiki ya nyumba. Lakini hapo itajulikana kwamba mama mkwe amemdanganya mumewe, tena kwa ajili yangu. Wala sina hakika kama maneno yangu yatamponya mzee, kwa kuwa vikate vyangu, bila mimi kujua, vilisema kweli. Wakati mwingine nawaza kwamba wageni walitenda wema na kwamba kinachoiharibu posa ni kiburi cha mzee. Kisha naona haya, maana nani alianza kwa kiburi?

Sasa mvua imenyesha na kuikata barabara ya Habaswein. Ikifunguka tu, mbuzi wanapakiwa. Nyinyi mliokaa na wakwe na kuwajua kuliko mimi, nipeni shauri: niseme, na mwanamke aliyenikinga aonekane mwongo mbele ya mumewe, au nimtii, ninyamaze, na binti yake akose ndoa kwa ajili ya fahari yangu? Msinionee huruma katika kunijibu. Leo malori mawili yamevuka, na mzee ametoka kununua kamba za kuwafungia mbuzi.