Chuo Huangaliwa Jumanne

Siku niliyoripoti kazini Navakholo nilikuwa na viatu vipya na vumbi la murram hadi magotini. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha hesabu, lakini Mwalimu Mkuu, mtu mfupi aliyependa kuongea akitembea, alinipeleka moja kwa moja hadi kabati lililokuwa nyuma ya ofisi yake. Alilifungua kwa teke. Ndani mlikuwa na vijitabu vya vyuo, nusu yake vimeliwa na mchwa.

"Madam, hii ndiyo kazi yako ya pili," akasema. "Wanaomaliza kidato cha nne, wewe ndiye utawaelekeza vyuo. Ukifanya vizuri hakuna atakayekushukuru. Ukikosea, utakutana na kosa lako sokoni."

Nilicheka kwa adabu, vile mtu humchekea bosi siku ya kwanza. Kumbe mwenzangu alikuwa ananiambia ukweli mtupu.

Ninyi mnaochagua vyuo kwa simu mtaniona mtu wa kale. Wakati huo mwanafunzi alijaza fomu kwa kalamu, na mimi ndiye niliyekagua kila mstari. Kwanza niliangalia kundi la masomo, yaani yale masomo machache ambayo chuo huyapima kabla ya kumpa mtu kozi. Mtoto anaweza kuwa na wastani mzuri na bado akakosa uhandisi kwa sababu fizikia ilimwangusha. Halafu niliangalia idhini, yaani ruhusa ya serikali ya kufundisha kozi fulani. Chuo chaweza kuwa na idhini ya upishi na kisiwe na ya maabara. Hapo ndipo wengi huanguka, na hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Na wazazi je? Kila mmoja alitaka yunivasiti. Baba mmoja aliniletea ingokho, kuku mzima mwenye kelele, ili nimwandikie mwanawe udaktari. Alama ya biolojia ya kijana huyo hata mimi niliionea huruma. Nilimrudisha baba na kuku wake, na kijana akasomea ufundi wa umeme. Leo ndiye anayewaunganishia majirani stima, lakini babake bado ananinunia kidogo.

Baadaye nilihamishwa Malinya. Mkuu wangu mpya, Madam Prinsipo, alikuwa mama mnadhifu aliyeamini karatasi yenye rangi kuliko macho yake. Siku moja ikaja barua ya chuo kimoja cha kibinafsi ikitualika siku ya wageni.

"Nenda, Mwalimu," akaniambia. "Chuo kinachoalika watu hakina la kuficha."

Nikaenda. Wacha niseme ukweli, walinipata. Sakafu iling'aa, soda zilikuwa baridi, na maabara ilikuwa na hadubini mpya zimepangwa kama mabwana harusi. Nilirudi nikiimba sifa. Mwaka huo nilikuwa na msichana mmoja, Khasandi, ambaye hakutaka kitu kingine duniani ila kazi ya kupima damu maabarani. Mamake alikuwa amefariki kwa ugonjwa uliotambuliwa kwa kuchelewa, na mtoto hakuwahi kulisahau hilo.

Babake, Mzee Mukabane, alikuwa na fahali wa kupigana aliyejulikana Ikolomani nzima. Alikuja ofisini, akavua kofia, akaniuliza:

"Mwalimu, hicho chuo ulikiona siku gani?"

"Siku ya wageni, Mzee."

"Mm. Sisi fahali hatumwangaliangi siku ya mchezo. Siku hiyo ameshashiba, anapigiwa ngoma za isukuti, kila mtu anamsifu. Tunaendanga asubuhi ya kawaida, kabla mwenyewe hajaamka vizuri. Tunaangalia vile anakanyaga. Tunaangalia na kinyesi chake."

"Mzee, hiki ni chuo, si ng'ombe."

"Sawa. Wewe ndiye umesoma," akasema, akavaa kofia. Akamuuza yule fahali, Khasandi akaenda chuo.

Baada ya miaka miwili msichana alirudi nyumbani na sanduku lake. Zile hadubini zilikuwa zimeazimwa kwa siku moja tu. Miaka yote hiyo alikuwa akizichora daftarini. Kozi yake haikuwa na idhini, kwa hivyo hangeweza kufanya mtihani wa taifa wala kupata leseni ya kazi. Barua ya idhini niliyoonyeshwa siku ya wageni ilikuwa ya kozi nyingine, nami, mwalimu wa hesabu mzima, sikuisoma hadi chini. Nilikuwa na soda mkononi.

Nilisikia habari hizo na sikwenda kwao. Nalisema hili wazi kwa sababu bado linaniuma: niliogopa. Wiki tatu nilipita njia ya nyuma. Halafu, kama Mwalimu Mkuu wa Navakholo alivyonitabiria, nikamwona Mzee Mukabane sokoni, mbele ya wauza viazi. Niligeuka haraka nikaanza kubishania bei ya dagaa wa omena, na mimi omena sili.

"Mulembe, Mwalimu," akasema nyuma yangu. "Usinikimbie. Mimi pia nilishanunua fahali siku ya mchezo. Alitoroka pambano lake la kwanza, watu wakanicheka mpaka Krismasi."

Nikalia pale pale mbele ya mama wa omena. Nikamwomba Mzee msamaha.

"Nilikusamehe kitambo," akasema. "Lakini mtoto hataki kusikia neno chuo. Hata kula anakula kidogo tu. Jumanne twende wote watatu, tuangalie kingine. Na tusiwaambie."

Jumanne hiyo, saa mbili asubuhi, tulifika chuo kimoja cha ufundi, mwendo wa saa moja kutoka Malinya. Rangi ya lango ilikuwa imebambuka. Khasandi aliitazama, akaniuliza, "Mwalimu, una hakika na hiki?"

"Sina," nikamwambia. "Ndiyo maana tumekuja kuangalia."

Babake aliingia jikoni kumuuliza mpishi kama wanafunzi humaliza obusuma, ugali wao, ama huuacha kwenye sahani. Mimi niliomba barua ya idhini, nikaisoma yote: jina la kozi, tarehe, hadi sahihi ya mwisho. Tukaingia maabara. Sinki zilikuwa na madoa, hadubini zilikuwa kuukuu, na kila mwanafunzi alikuwa na kipande cha pamba kidoleni.

"Mmefanyaje?" Mzee akauliza.

"Tunachomana vidole tangu asubuhi, Mzee," kijana mmoja akajibu. "Leo tunapima damu."

Mzee akaniinamia sikioni. "Hapa kinyesi kipo, Mwalimu." Nilijizuia kucheka hadi mbavu zikauma.

Khasandi alikuwa ameshamnyoshea yule kijana kidole. "Nichome na mimi," akasema.

Alianza upya mwaka wa kwanza, darasa moja na wasichana wadogo kuliko yeye. Ile miaka miwili haikurudi, na fahali hakurudi.

Tangu hapo sikumtuma mtoto chuo ambacho hatujakiona Jumanne. Prinsipo wangu wa mwisho, huko Butali, alinikemea: "Mwalimu, kuingia kwa watu bila barua ni utovu wa adabu." Nikamwambia adabu hiyo ilimpotezea msichana wa watu miaka miwili. Akanipa basi la shule. Namshukuru mpaka leo, ingawa basi lenyewe tulilisukuma kila mlima.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi yangu. Mzee Mukabane amelala, Mungu amrehemu. Nilisoma ualimu miaka mingi, lakini kazi yangu nilifundishwa na mwenye ng'ombe, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka huu mjukuu wangu amemaliza kidato cha nne, naye anataka maabara. Khasandi ndiye mkuu wa idara hiyo katika chuo kile kile cha lango bovu. Aliniletea kadi niwe mgeni wa heshima siku ya wageni. Nikamwambia asante mwanangu, mgongo unanisumbua. Jumanne iliyofuata nikamshika mjukuu mkono, tukafika langoni bila kumwambia mtu.

"Mmealikwa, mama?" bawabu akauliza.

"Hapana, baba. Tumekuja tu."

Akafungua lango lote. "Basi piteni. Madam Khasandi ametuagiza: aliyealikwa apelekwe ofisini, asiyealikwa apelekwe maabara."

Nililia mbele ya bawabu bila aibu. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Mzee Mukabane, nikamshukuru na yule fahali.