Lea Aliyemwombea Mumewe

Wanawake wanaopogoa zabibu Makutupora walimjua Lea kwa sala zake. Mikono ilishughulika na mzabibu, midomo ilisali, na ombi lilikuwa lile lile kila msimu: Bwana amwokoe mume wake, Mzee Lameck. Wenzake walimtania kwamba Mungu amekwisha kulikariri jina hilo, sasa amtajie lingine. Lea alicheka nao, kisha akaendelea.

Alikuwa mke wa pili. Aliolewa kwa ng'ombe na mbuzi kabla hajaijua Biblia, akaingia katika tembe la Ruthu, mke mkubwa. Wakaishi bila makelele, kila mmoja na chumba chake, jiko moja. Lea alipookoka, kanisa lilimbatiza bila shida, kwa kuwa wake wawili ni kosa la mwanamume, mwanamke hahesabiwi. Ruthu naye akafuata. Akabaki mzee na ugoro wake, na ng'ombe wake, na tambiko la kuombea mvua ambalo hakulikosa hata mara moja. Lea alimpenda mzee yule, tena sana, na hilo ndilo lililomtesa. Alimtazama akila ugali na mlenda kwa raha zake, akawaza kwamba mtu mwema kama huyu ataungua motoni.

Basi Mungu akasikia. Pengine ingekuwa nafuu angechelewa. Mzee aliugua kifua, akalala hoi, Lea akimwimbia pembeni mwa kitanda. Alipopata nafuu alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba anataka kubatizwa. Lea alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa.

Mwinjilisti Joshua akawa anakuja kumfundisha. Masomo yalikwenda vizuri hadi siku ya mwisho, Joshua alipovua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akaeleza utaratibu wa kanisa lao: mwanamume anayebatizwa hubaki na mke mmoja, yule wa kwanza. Utaratibu huo Lea alikuwa akiujua, alishaona ukiwapata wengine. Lakini miaka yote ile aliamini tu kwamba Mungu anayeokoa watu hawezi kushindwa na jambo dogo kama yeye. Hakuwahi hata kumwuliza mtu.

Mzee alimwambia Joshua kwamba kama ni hivyo, arudi na ubatizo wake. Akatoka zake kwenda zizini. Mambo yangeishia hapo, na nani angemlaumu? Lakini Lea alimfuata. Aliyemtoa Lea katika nyumba ile hakuwa Joshua, wala Ruthu, ambaye alilia siku nzima. Ni imani yake mwenyewe, iliyomwambia kwamba akinyamaza, amemchoma mume wake kwa mkono wake.

"Baba Paulina, kabatizwe," alimwambia. "Mimi na wewe tutakutana mbinguni."

Mzee alikuwa akimfunga ndama kamba. Hakugeuka.

"Na huko utakuwa nani wangu?"

Lea aliishika ile kamba, akamsaidia kufunga.

Akahamia chumba cha kupanga karibu na mashamba ya zabibu, yeye na binti yake Paulina. Baada ya mavuno mzee alimpelekea mtama na karanga, lakini kwa mkono wa mtu mwingine, maana mchungaji aliwashauri wasionekane pamoja faragha. Siku ya ubatizo Lea alivaa kitenge kipya, akaimba sauti ya pili na kwaya, akarudi chumbani akalala kifudifudi. Watu walisema amepata alichoomba. Ni kweli, alikipata. Jumapili, ibada ikiisha, waumini hupanga mstari nje ya kanisa na kupeana mikono. Basi Lea aliushika mkono wa mzee kama alivyoushika wa kila mtu, na mstari ukamsukuma mbele. Wiki nzima aliishi kwa mkono ule.

Kifua cha mzee kilirudi mwaka ambao mvua zilichelewa. Ruthu alituma habari kwamba Lea aje, naye alikuja pamoja na akina mama wa kanisani, akakaa karibu na mlango, akaomba nao, akaondoka nao. Alimwacha mzee amelala vibaya, ubavu ule ule uliokuwa ukimuuma, na yeye hana ruhusa ya kumgeuza. Alilia njia nzima, na wenzake wakafikiri analia kwa kumhurumia mgonjwa.

Siku ya mazishi Ruthu aliketi mbele, ubavuni mwa jeneza, amezungukwa na wanawake. Lea alikuwa nyuma na wapishi, masufuria yakichemka. Wasifu wa marehemu ukasomwa: alizaliwa wapi, alifuga, aliugua, alibatizwa. Ameacha mjane mmoja, watoto na wajukuu. Mchungaji akasema mzee amekufa safi, mume wa mke mmoja, na watu wakaitikia amina. Lea naye aliitikia. Aliiamini amina ile, na ilimuuma kuliko chochote alichowahi kukitamka.

Wakaitwa kutupa udongo, mjane kwanza. Ruthu aliinuka, lakini badala ya kwenda kaburini alipita katikati ya watu mpaka kwa wapishi, kanisa zima likitazama.

"Mama Paulina, inuka," alisema. "Twende tukamzike mume wetu."

Lea alikuwa ameshaanza kuinuka. Akamwona mchungaji amesimama na kitabu chake, akaliona jeneza. Akaketi tena kwenye kigoda.

"Nenda wewe, dada," alisema. "Usimharibie."